Mafuta ya Giaboksi za Otomatiki: Tuyajue Kabla ya Kuyamimina

Ndugu wafanyakazi, katika viwanda vya maziwa vya Mbarara na katika mashamba ya chai ya Bushenyi wamo wenzetu ambao wameweka akiba kidogo kidogo kwa miaka, kisha wakashirikiana watatu au wanne kununua gari dogo la Kijapani. Gari hukabidhiwa dereva. Hutembea kati ya Mbarara, Kabingo na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na fedha zinazoletwa jioni husaidia karo na kodi ya nyumba. Siku giaboksi inapokufa, akiba ya watu wanne imekwenda. Hapo huanza ugomvi: wenye gari humlaumu dereva, dereva humlaumu fundi, na fundi humlaumu Mjapani aliyelitengeneza.

Mara nyingi chanzo cha ugomvi huo ni lita tatu au nne za mafuta ambazo mtu alizimimina bila kujua ni za aina gani, au ambazo hakuna aliyezibadilisha tangu gari lishuke melini. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo.

Kwanza tukumbuke magari haya yanatoka wapi. Yametumika Japani miaka mingi, kisha hushushwa Mombasa au Dar es Salaam na kuletwa huku. Tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, lakini lenye miaka 13 au 14 huingia, na yale yaliyokuja kabla ya hapo bado yako barabarani. Gari la namna hiyo huja bila kitabu cha matengenezo, au na kitabu cha Kijapani ambacho hatuwezi kukisoma. Hata kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi si za kuaminiwa sana, maana kuna wauzaji wanaozirudisha nyuma. Mnunuzi na ahesabu kwamba hajui mafuta yaliyomo ndani yana umri gani.

Sasa, mafuta hayo hufanya nini? Katika gari la gia za mkono, mafuta ya giaboksi kazi yake kubwa ni kulainisha meno ya gia. Katika otomatiki, mafuta yenyewe ndiyo mfanyakazi. Kati ya injini na giaboksi hakuna klachi ya kukanyaga. Kuna chombo cha mviringo kilichojaa mafuta: upande mmoja mapanga yanazungushwa na injini na kuyarusha mafuta, na upande wa pili mapanga mengine yanasukumwa na mafuta hayo na kulipeleka gari. Zaidi ya hayo, pampu huyasukuma mafuta kwa nguvu kupitia vijia vyembamba, na nguvu hiyo ndiyo inayobana klachi ndogo ndogo za ndani ili gia ibadilike. Mafuta hayohayo huchukua joto na kulipeleka kwenye rejeta likapoe.

Jambo gumu liko hapa. Mafuta haya hutakiwa kufanya kazi mbili zinazopingana. Kwenye beringi na meno ya gia yateleze sana. Kwenye klachi yasiteleze kupita kiasi, la sivyo klachi itasuguka na kuungua. Ulinganifu huo hupatikana kwa dawa zinazochanganywa kiwandani. Zamani, kule Marekani, mojawapo ya dawa hizo ilitokana na mafuta ya nyangumi, na yalipopigwa marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakemia walipata taabu kweli kutafuta badala yake. Tunalitaja hili ili ieleweke kwamba aina za mafuta haya hazitofautiani kwa jina la biashara tu. Kila giaboksi imepangiwa msuguano wake.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe bei wala rangi. Liwe hili: giaboksi hii inataka mafuta ya kipimo gani? Toyota za zamani, kama Corona na Carina nyingi, zilitumia mafuta ya kipimo cha Dexron, ambacho ni cha kampuni ya General Motors. Baadaye Toyota ikaleta mafuta yake ya T-IV, na tangu katikati ya miaka ya 2000 yakaja ya WS, ambayo ni mepesi zaidi. T-IV na WS haziwekwi moja mahali pa nyingine. Nissan ina mafuta yake yanayoitwa Matic, Honda ina ya Z1 na baadaye DW-1, na Mitsubishi ina ya SP-III. Kuhusu Dexron III kuna neno la ziada: General Motors iliacha kutoa leseni za kipimo hicho mwishoni mwa 2006. Chupa mpya yenye jina hilo leo yaweza kuwa nzuri, lakini hilo ni tamko la aliyeyatengeneza mafuta. Hakuna tena anayemkagua kwa niaba ya General Motors.

Hatari kubwa kuliko zote kwa sasa ni magari ya CVT. Giaboksi ya CVT haina gia za hatua kama tulizozoea. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Mkanda huo lazima ushike bila kuteleza, na mafuta yake yametengenezwa kwa ajili hiyo. Ukitia mafuta ya otomatiki ya kawaida, mkanda huteleza, hukwaruza puli, na giaboksi ni ya kutupa. Angalieni Toyota Wish. Wish ya kwanza iliyotoka 2003, yenye injini ya 1.8, ni ya gia nne za kawaida. Wish ya pili iliyotoka 2009 ni ya CVT na inataka mafuta yanayoitwa CVT Fluid FE. Kwa mpita njia zote mbili ni Wish, na kwa muuza spea mwenye haraka vilevile. Premio nazo, za injini ya 1.5 na 1.8, zilihamia CVT katika umbo lililotoka 2007.

Njia ya kutambua ipo na haina gharama. Kila Toyota ina kibati kidogo cha chuma, ama ndani ya boneti kwenye ukuta wa nyuma ya injini, ama kwenye nguzo ya mlango. Tafuta mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Katika magari haya ya miaka ya karibuni, herufi ya kwanza ikiwa A au U, hiyo ni otomatiki ya gia. Ikiwa K, kama K311, hiyo ni CVT. Nakili namba hiyo kwenye karatasi na uende nayo dukani. Huko Nakivale jambo hili lina uzito zaidi. Makazi yale, yaliyoanzishwa 1958, yana Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali. Fundi aliyejifunzia kazi Bukavu hutaja vifaa kwa Kifaransa, muuza duka wa Mbarara huvitaja kwa Kiingereza, na mtoto anayetumwa kununua hujua Kiswahili tu. Namba iliyonakiliwa haipotei njiani.

Rangi isiwadanganye. Wekundu ni rangi iliyotiwa ili mafuta haya yakivuja yasidhaniwe kuwa ya injini. Haileti nguvu yoyote. Rangi na harufu husaidia tu kupima hali ya mafuta yaliyokwisha tumika. Yakiwa mekundu au kahawia ya wastani, hayana neno. Yakiwa meusi na kunuka kama kitu kilichoungua, klachi zimeanza kwisha. Yakiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, maji yameingia, na mara nyingi yametoka kwenye rejeta. Gari hilo lisiendeshwe hata kilomita moja.

Kupima kimo si kama kupima mafuta ya injini. Kwa Toyota zenye kijiti cha giaboksi, endesha gari mpaka lipate joto, lisimamishe mahali pa sawa, acha injini ikiunguruma, peleka mkono wa gia taratibu kutoka P mpaka L na uurudishe P. Ndipo uchomoe kijiti, ukifute, ukirudishe na kukichomoa tena. Mafuta yawe ndani ya alama za HOT. Honda hutaka injini izimwe kwanza, kisha upime mara moja. Toyota nyingi za WS na za CVT hazina kijiti kabisa; kimo chake hupimwa kwa nati ya kufurika, mafuta yakiwa na joto maalumu, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye kifaa cha kusoma joto. Mafuta yakizidi nayo ni kosa. Hupigwa povu na gia zinazozunguka, na povu haliwezi kubana klachi.

Tukija kwenye kubadilisha, tunasikia kila mahali usemi huu: "Usiguse mafuta ya otomatiki, ukiyabadilisha giaboksi itakufa." Usemi huo una asili yake. Mtu hungoja mpaka gia zinateleza, ndipo anabadilisha mafuta. Wiki ya pili giaboksi inakufa, na mafuta mapya yanapewa lawama. Ukweli ni kwamba klachi zilikuwa zimekwisha tayari. Mafuta mapya hayarudishi klachi iliyosagika, na anayeona vipande vya chuma kwenye karai asitupe fedha kwa mafuta. Lakini gari linalobadilisha gia vizuri halidhuriki kwa kubadilishiwa mafuta sahihi kwa njia ya upole.

Njia ya upole ni hii. Usikubali mashine ya kusukuma mafuta yote kwa nguvu katika gari usilolijua historia yake, kwa maana husukuma pia uchafu uliokuwa umetulia. Fungua nati ya chini, pima kwa chupa yale yaliyotoka, na rudisha kiasi hichohicho cha mapya. Yatatoka kidogo kuliko yaliyomo, maana mengi hubaki katika kile chombo cha mviringo. Tuseme giaboksi ina lita 7 na zinatoka 3. Baada ya mara ya kwanza mafuta mapya ni chini kidogo ya nusu. Ukirudia baada ya wiki chache, mapya yanakuwa kama theluthi mbili, na mara ya tatu yanafika kama asilimia 80. Kwa Toyota za gia, ukilifungua karai la chini utakuta sumaku ndogo. Ungaunga laini kama masizi juu ya sumaku ni wa kawaida.

Je, baada ya muda gani? Watengenezaji wengine husema mafuta ni ya maisha ya gari. Maneno hayo huenda yanamfaa mtu wa Japani anayeendesha peke yake kwenye lami na kuuza gari baada ya miaka michache. Barabara nyingi ndani ya makazi ya Nakivale ni za murram, zina vilima, zina vumbi kiangazi na utelezi masika, na gari la watu watano hubeba wanane na magunia. Kwa kazi kama hiyo sisi tunashauri kilomita 40,000, na mapema zaidi kama mafuta yameanza kuwa meusi.

Kuna tabia mbili za njiani zinazoua giaboksi hata yenye mafuta mazuri. Ya kwanza ni kuteremka mlima ukiwa umeweka N ili kuokoa petroli. Pampu huzunguka polepole na injini huku magurudumu yakikimbia, na mafuta hayafiki vya kutosha. Na breki zikikuponyoka hakuna kitu cha kulishika gari. Ya pili ni kulivuta gari bovu kwa kamba mwendo mrefu. Injini ikiwa imezimwa pampu haifanyi kazi, kwa hiyo magurudumu yanayoendeshwa na giaboksi lazima yainuliwe.

Sasa neno kwa madereva walioajiriwa. Mwenye gari ndiye anayeamua mafuta gani yanunuliwe, lakini giaboksi ikifa dereva ndiye anayeambiwa alipe. Weka daftari ndani ya gari. Andika tarehe, kilomita, jina la mafuta kama lilivyo kwenye chupa, kiasi kilichotoka na kilichoingia, na mwenye gari atie sahihi. Ukimwambia kwamba mafuta ni meusi naye akakataa kununua, andika hilo pia. Sheria ya Ajira ya 2006 haimruhusu mwajiri kukata mshahara apendavyo, na daftari ni ushahidi mzuri mbele ya ofisa wa kazi. Dereva mkimbizi asitishwe kwamba hana la kusema. Haki yake ya kufanya kazi inatambuliwa na Sheria ya Wakimbizi ya 2006.

Limebaki suala la mafuta machafu. Mji wa Mbarara hupata maji yake kutoka mto Rwizi, na watu wa Nakivale huyapata kutoka ziwa lao. Yanayomwagwa kwenye mtaro wa gereji hushuka huko mvua ikinyesha. Uliza kabla nati haijafunguliwa kama gereji ina pipa la kukusanyia, na kama haina, nenda na dumu lako tupu la lita tano.