Paa Lililofichwa, Joto Lisilofichika

Ukipita Goba, Madale au Kigamboni siku hizi, utakutana na mtindo unaojirudia mtaa kwa mtaa: nyumba ya kuficha paa. Kuta zimepandishwa hadi zimeyameza mabati, pembe zimenyooka, madirisha ya alumini ni mapana na kuta zimepakwa rangi ya kijivu iliyokolea. Ni nyumba nzuri kuitazama. Mwenyewe amejinyima miaka mingi, akanunua tofali kidogo kidogo, akatafuta ramani mtandaoni na fundi wa kuaminika. Kisha anahamia. Ikifika Januari, chumba chake hakilaliki bila kiyoyozi. Masika yakianza, rangi ya sebuleni inavimba na kumenyuka.

Mara nyingi saruji ilikuwa nzuri na fundi hakuiba hata nondo moja. Kosa lilikuwa kwenye ramani kabla msingi haujachimbwa: upenu uliondolewa, na kazi yake haikupewa kitu kingine.

Upo utaalamu mzima unaoshughulikia kazi hizo zisizoonekana. Ni sayansi ya majengo, inayochunguza maji, hewa, joto na mvuke vinapita wapi ndani ya nyumba na vinakwama wapi. Sehemu kubwa ya utaalamu huo ilikomaa kwenye nchi za baridi. Mwaka 1977, mjini Regina, Kanada, ambako halijoto huweza kushuka chini ya nyuzi hasi 30, Harold Orr na wenzake walijenga nyumba ya majaribio yenye kuta nene zilizojazwa vizuia joto na mianya iliyozibwa kwa makini mno, kiasi kwamba haikuhitaji tanuru la kawaida la kuipasha joto. Mwaka 1991 Wolfgang Feist akaendeleza fikra hiyo mjini Darmstadt, Ujerumani.

Lakini sayansi ni moja, hali ya hewa ni nyingi. Kwenye nchi za baridi kali, plastiki ya kuzuia mvuke huwekwa upande wa ndani wa ukuta, kwa sababu unyevu hutoka kwenye chumba chenye joto kwenda nje. Huko Florida, Marekani, ambako joto na unyevu viko nje, kuna hoteli zilizobandika karatasi za vinili kwenye kuta za ndani huku viyoyozi vikiunguruma mchana kutwa. Mvuke wa nje ukaingia ukutani, ukakutana na ubaridi nyuma ya karatasi, ukageuka maji, na ukungu ukaota mahali ambapo hakuna mfagizi angeuona. Anayepakua ramani ya nyumba iliyobuniwa kwa ajili ya nchi nyingine anapakua na hali ya hewa ya huko.

Kwa Pwani ya Afrika Mashariki, hesabu huanza na jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu Oktoba 10. Mwezi Juni, saa sita mchana, hukaa upande wa kaskazini, nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Desemba huhamia kusini, nyuzi 73. Maana yake kwa mjenzi ni kubwa: upenu wa mita 1 upande wa kaskazini hutupa kivuli cha mita 1.7 ukutani wakati huo wa Juni, na ule wa kusini hutupa zaidi ya mita 3 Desemba. Dirisha lote linakuwa kivulini bila senti moja ya umeme.

Mashariki na magharibi mambo ni tofauti. Jua la alasiri linakuja limelala, linapita chini ya upenu wowote na kuupiga ukuta usoni. Ukuta wa tofali za saruji za inchi sita haulipitishi joto hilo papo hapo. Hulinyonya na kulitoa upande wa pili baada ya saa kadhaa, kwa hiyo joto la saa kumi alasiri huingia chumbani saa mbili au tatu usiku, watoto wanapopanda kitandani. Ndiyo sababu wasanifu wa nchi za joto hupenda kuweka stoo, choo au ngazi upande wa magharibi, na kuelekeza ubavu mrefu wa nyumba kaskazini na kusini.

Na hapa Pwani imebarikiwa. Pande hizo mbili ambazo ni rahisi kuzitia kivuli ndizo pia zinazopokea upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki, na kusi hushika zamu kutoka kusini kwa sehemu kubwa ya mwaka iliyobaki. Chumba chenye madirisha pande mbili, upepo uingie huku na kutokea kule, huhisika kuwa na ubaridi wa nyuzi mbili au tatu zaidi hata kipimajoto kisipobadilika, kwa sababu hewa inayotembea hukausha jasho. Chumba chenye dirisha moja, hata liwe pana kama ukuta, hakipati faida hiyo. Dirisha la kuteleza nalo huacha wazi nusu tu ya upana wake.

Wapo watakaosema kiwanja ndicho kinachoamua, kwa kuwa nyumba lazima itazame barabara. Geti ndilo lazima litazame barabara. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 25, nyumba yenyewe inaweza kugeuzwa, na mchoraji akiambiwa mapema hiyo ni kazi ya kalamu na karatasi tu.

Turudi juu. Bati lililopigwa na jua la mchana hufika nyuzi 60 na kuzidi, hasa likiwa na rangi ya giza, kisha humulika joto hilo chini kwenye dari. Kwenye paa la mgongo lenye matundu ya hewa, sehemu ya joto hutoka na upepo. Kwenye paa la kuficha, mabati yamelala karibu na dari, hewa haina njia, na jipsamu ya inchi nusu haina uwezo wa kuzuia kitu. Kuna tatizo la pili ambalo ni zito zaidi. Nyumba yenye upenu, gata likiziba kwa majani, maji humwagika nje. Nyumba ya kuficha paa, mfereji uko ndani ya kuta. Ukiziba siku ya mvua kubwa, njia iliyobaki ni kushuka sebuleni.

Kiyoyozi hakiponyi hayo, na bili yake hupanda haraka. Cha nguvu farasi moja kinaweza kutumia uniti sita kwa usiku wa saa nane, na kundi la bei nafuu la wateja wa majumbani wa TANESCO lina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Usiku wa kumi na tatu kikomo kimevukwa, kabla ya kuhesabu friji na pasi. Tena kiyoyozi huleta unyevu usiotarajiwa. Hewa ya Pwani yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 hugeuka maji ikigusa kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26. Chumba kilichopozwa hadi 20 usiku kucha, asubuhi kikafunguliwa madirisha, hupokea hewa hiyo kwenye sakafu baridi, kuta baridi na nguo baridi. Ukungu ulio nyuma ya kabati, ambao wengi huulaumu ukuta, mara nyingi chanzo chake ni hicho.

Kuta nazo zina unyevu wake, unaotoka chini. Maji hupanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa kwenye utambi, yakibeba chumvi inayobaki juu ya lipu kama unga mweupe. Dawa yake ni nailoni nzito chini ya sakafu, tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi, na sakafu iliyoinuliwa vya kutosha. Gharama yake ni ndogo wakati wa kujenga. Baada ya hapo kila tiba huanza na kubomoa.

Mafundi wa zamani wa Mji Mkongwe, Zanzibar, walishughulika na unyevu huo kwa njia nyingine. Walijenga kuta za mawe ya matumbawe zenye unene wa karibu nusu mita na kuzipiga lipu ya chokaa, ambayo huacha unyevu utoke. Zilipoanza kukarabatiwa kwa saruji, maji yalifungiwa ndani, na lipu mpya ikabanduka pamoja na vipande vya ukuta. Wataalamu wa uhifadhi wa mji huo wanasisitiza kurudi kwenye chokaa, na wana haki. Adui mwingine wa nyumba za Pwani ni mchanga wa baharini kwenye zege. Chumvi yake hula nondo, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichogeuka kutu, na zege hupasuka kutoka ndani.

Mtwara vijijini zimejengwa nyumba 110 za mradi wa Star Homes zinazoonyesha mambo haya yakifanya kazi pamoja. Ni za ghorofa moja, vyumba vya kulala viko juu ambako upepo ni mwingi na mbu ni wachache, na kuta za juu ni za wavu unaopitisha hewa. Nyumba za majaribio zilizotangulia, katika kijiji cha Magoda mkoani Tanga, zilipimwa zikaonekana kuwa na ubaridi wa zaidi ya nyuzi 2 kuliko nyumba za kawaida za jirani. Si lazima mkazi wa Madale alale ndani ya wavu, lakini kivuli, mwinuko na hewa ya kupita vinatumika kwake vilevile.

Kwa aliyekwisha kuficha paa, bado yapo ya kufanya. Mabati yapakwe rangi nyeupe, ambayo huakisi jua na kuachia joto upesi. Karatasi ya foili ifungwe chini ya mabati, ikiachiwa nafasi ya hewa, kwa kuwa ikigusana na bati haisaidii. Ukuta unaoficha paa utobolewe matundu yenye wavu, juu ya usawa wa mfereji, ili joto litoke. Mfereji wenyewe uwekewe mdomo wa dharura unaomwaga maji nje ya ukuta pale bomba linapoziba. Na mbele ya kila dirisha la magharibi ifungwe luva ya kusimama, maana bapa la kulala halilifikii jua la saa kumi.