Bastola Chini ya Koti, Kikaoni

Katika jimbo la Missouri, Marekani, mwenye kibali cha kubeba bastola ya kuficha haruhusiwi kuingia nayo kwenye kikao cha baraza la mji. Lakini akiingia nayo, hajatenda jinai. Anaweza kuzuiwa mlangoni au kuambiwa atoke. Akigoma mpaka polisi aitwe, ndipo anapoandikiwa faini isiyozidi dola 100. Akirudia ndani ya miezi 6, ni hadi dola 200 na kibali kinasimamishwa mwaka mzima. Mara ya tatu ndani ya mwaka, hadi dola 500 na kibali kinafutwa.

Nilikisoma kifungu hicho mara mbili, nikidhani nimeruka mstari. Hakimtaki mtu yeyote asimame mlangoni kuwaangalia wanaoingia. Na bastola yenyewe imefichwa, nani ataiona?

Sheria hiyo haikupita kirahisi. Mwaka 1999 wananchi wa Missouri waliulizwa kwa kura kama wanataka watu waruhusiwe kutembea na bastola chini ya makoti, wakakataa kwa tofauti ndogo. Mwaka 2003 wabunge wakaipitisha wenyewe. Gavana Bob Holden akaikataa kwa kura ya turufu, nao wakaitangua turufu yake. Ikaja na orodha ya mahali pasipoingizwa silaha: mahakama, vituo vya kupigia kura siku ya uchaguzi, makanisa bila ridhaa ya mchungaji, na vikao vya madiwani. Ila diwani mwenye kibali anaruhusiwa kukaa na bastola yake kikaoni. Yaani meza kuu yaweza kuwa na silaha, viti vya wananchi hapana.

Miaka isiyotimia 5 baadaye, orodha hiyo ilikutana na Kirkwood, mji wa watu wapatao 27,000 pembeni mwa St. Louis. Alikuwapo mkandarasi mmoja, mkazi wa Meacham Park, mtaa wa watu weusi uliounganishwa na mji huo miaka ya 1990. Alikuwa ameandikiwa tiketi zaidi ya 100, nyingi za kuegesha magari na vifaa vyake vya kazi pasipotakiwa. Aliamini anaonewa, akawa anakwenda kulalamika kikaoni. Mwaka 2006 alikamatwa humohumo mara mbili kwa kuvuruga kikao. Akaushtaki mji kwa kumnyima uhuru wa kusema. Januari 2008 mahakama ya shirikisho ikaitupa kesi yake.

Jioni ya Februari 7 alimuua polisi nje ya ukumbi wa mji, akachukua bastola ya polisi huyo, akaingia. Kikao kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza. Akaua polisi wa pili, madiwani wawili na mkurugenzi wa kazi za umma. Mwanasheria wa mji alijitetea kwa kumrushia viti. Polisi wakaingia, wakamuua. Meya Mike Swoboda, aliyepigwa risasi kichwani, alifariki miezi kadhaa baadaye.

Mtu aliyechoshwa na faini alifika mahali ambapo sheria, kwa bastola ya mwenye kibali, haina kubwa zaidi ya faini na kufutiwa kibali. Sidai kwamba adhabu kali ingemzuia. Aliyekwisha kuua mlangoni hahesabu dola. Ninachokiona ni kwamba katazo lisilo na mlinzi linamfikia mtu mmoja tu: yule muungwana anayeiacha bastola garini kwa hiari yake.

Florida nako ni marufuku kuingia na bastola kikaoni. Desemba 2010, huko Panama City, mwanamume aliinuka kwenye mkutano wa bodi ya shule akiwa na bastola, akawaruhusu wanawake watoke. Mjumbe wa bodi, Ginger Littleton, alitoka, kisha akarudi kwa kunyemelea na kuupiga mkono wenye bastola kwa mkoba wake. Mtu huyo alifyatua risasi kuwaelekea wajumbe, akawakosa wote. Mkuu wa usalama wa shule ndiye aliyemjeruhi kwa risasi kabla hajajiua.

Viti na mkoba. Hizo ndizo silaha walizokuwa nazo watu walioitii sheria.

Tangu Januari 1, 2017, Missouri haidai tena kibali kwa anayebeba bastola ya kuficha. Kikaoni bado imekatazwa. Aliye na kibali, akikutwa nayo, bado anaombwa kwanza atoke.