Ukihamia Machimboni na Watoto

Katika miaka ya 1940 na 1950 jamaa wengi wa Shinyanga na Maswa walihamia Geita kutafuta mashamba. Siku hizi wengi wafuata dhahabu. Kuhama si kosa. Lakini je, watoto mtawalaza wapi?

Kwanza, baba atangulie peke yake akapatazame. Asiulize kodi ya chumba tu, aulize pia, “Hapa jirani huchomwa dhahabu?” Wachimbaji wadogo huikamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, lakini huingia mapafuni na kudhuru ubongo na mafigo. Mtoto mchanga, na yule aliye tumboni, huumia zaidi, kwa kuwa ubongo wao ungali unakua. Basi msipange nyumba ambayo uani mwake huchomwa dhahabu, hata ikiwa rahisi.

Pili, tazameni maji. Kisima kilicho chini ya mialo ya kuoshea mchanga si cha kunywa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki.

Tatu, yako maduara yaliyoachwa wazi. Mtoto akicheza hayaangalii.

Afadhali kukaa Katoro au Geita mjini, karibu na shule na zahanati, baba akaenda kazini kwa baiskeli. Naye akirudi, avue nguo za kazi nje kabla hajampakata mtoto. Na kama mahali pema hapajapatikana, mama na watoto wangoje kwanza nyumbani, angalau mpaka muhula wa shule uishe.