Mashine ya kuosha karoti? Uliza brashi kwanza, mota baadaye

Ukiona karoti za Kinangop zinang'aa Marikiti alfajiri, jua kuna mtu alizikanyaga jana. Namaanisha kukanyaga kwa miguu kabisa. Vijana wa rika letu hukunja suruali hadi magotini, wakasimama kwenye maji baridi ya Nyandarua na kusugua karoti kwa nyayo mpaka udongo uishe. Malipo ni kwa gunia. Mgongo ni wako, na mafua pia ni yako.

Ndiyo maana siku hizi vikundi vya vijana kule vinaongea mashine. Binamu yangu na wenzake saba wamechanga kwa chama zaidi ya mwaka mmoja, na kabla ya kutoa malipo ya kwanza walinitumia bei mbili kwa WhatsApp. Eti niwaangalizie, kwa sababu mimi ndiye wa mjini mwenye bando. Kwenye picha, mashine zote mbili zinafanana kama mapacha: fremu ya chuma, bomba la kunyunyiza maji juu, rola tisa zenye nywele na mota pembeni. Lakini moja ilikuwa karibu nusu ya bei ya nyingine. Haraka haraka utasema tofauti ni mota. Wapi! Mota ilikuwa ya nguvu zile zile. Tofauti yote ilikuwa kwa brashi.

Na ukifikiria vizuri, hiyo ina maana. Mashine hizi hufanya kazi rahisi sana. Rola za brashi zimelala sambamba kama kitanda, zote zinazunguka upande mmoja, maji yanamwagika juu, na karoti inabingirika juu yake huku nywele zikichokoa udongo. Mota haigusi karoti. Fremu haigusi karoti kwa maana yoyote ya kuhesabika. Kinachogusa chakula ni nywele za brashi, na hapo ndipo pesa hupatikana au hupotea.

Zinapoteaje? Ngozi ya karoti ni nyembamba sana. Brashi ikiwa kali, inakwangua hiyo ngozi yote. Karoti itatoka ikimeremeta, kila mtu apige picha, muanze kusherehekea. Halafu inaanza kukauka na kufanya utando mweupe. Ukiifunga kwenye gunia ikiwa na unyevu na joto la lori, kuvu nyeusi hupata mlango wazi wa kuingilia. Broka wa Nairobi hakuoni ukiosha, anaona kilichofika. Atakukata bei au akuambie urudi na mzigo wako. Upande mwingine, brashi ikiwa laini mno, udongo ule wa kunata unabaki mabegani mwa karoti na kwenye mikunjo, kwa hivyo unapitisha mzigo mara mbili, na kila mara ni maji na stima.

Sasa tuingie kwa nywele zenyewe, maana hapa ndipo wauzaji hupenda kusema neno moja tu, "nailoni", halafu wanyamaze. Nailoni si moja. Ile ya kawaida, inayoitwa nailoni 6, hunywa maji. Ikiloa kabisa inaweza kubeba karibu asilimia 9 ya uzito wake kama maji, na ukakamavu wake unashuka kwa zaidi ya nusu. Brashi uliyoiminya dukani ikiwa kavu, ukaiona ngumu sawasawa, si brashi utakayokuwa nayo saa mbili baada ya kuanza kazi. Kuna nailoni 6.12, ambayo hunywa karibu asilimia 3 tu, kwa hivyo haibadiliki sana, lakini ni ghali zaidi. Kuna pia PBT, ambayo hunywa chini ya nusu asilimia. Halafu kuna polipropilini, plastiki ya bei rahisi ambayo hainywi maji kabisa. Ubaya wake ni kwamba ikishapinda hairudi wima vizuri kama nailoni, na huchakaa mapema. Ndiyo ile ile ya mafagio mengi ya plastiki. Mashine ya bei ya chini kwenye WhatsApp yangu ilikuwa na hiyo.

Sisemi polipropilini ni takataka. Kama maji yako yatawekwa klorini nyingi, yenyewe huvumilia kuliko nailoni, ambayo huliwa polepole na dawa kali za aina hiyo. Kwa kikundi kinachoanza, na kiko tayari kubadilisha rola mapema, inaweza kutosha. Lakini uambiwe ni polipropilini na ulipe bei yake. Usiuziwe kwa jina la nailoni.

Unene na urefu ndio sehemu iliyonifurahisha zaidi, na nasema hivyo nikiwa mtu aliyeacha chuo kabla ya kumaliza. Unywele wa brashi ukiwa na unene mara mbili, ugumu wake hauwi mara mbili. Unakuwa mara 16. Yaani kutoka nusu milimita hadi milimita moja, umetoka kwa brashi ya kuosha ukaingia kwa kifaa cha kukwangua. Na urefu unacheza kinyume: ukikata unywele nusu, unakuwa mgumu mara 8.

Soma tena hiyo ya mwisho, kwa sababu watu wengi huielewa visivyo. Tunadhani brashi ikizeeka inakuwa laini, kama mswaki. Kwa rola si hivyo. Nywele zinalika, zinakuwa fupi, na zikiwa fupi zinakuwa ngumu zaidi. Brashi iliyoanza na nywele za sentimita 4 ikabaki na 3 imekuwa ngumu zaidi ya mara mbili. Ikibaki na 2, ndiyo hiyo mara 8. Kwa hivyo mashine iliyoosha vizuri msimu uliopita inaweza kuanza kuchubua karoti msimu huu na hakuna mtu aliyegusa chochote. Watu watalaumu mbegu, watalaumu mvua. Chukua rula upime nywele. Siku ya kwanza andika urefu wake kwa rangi kwenye fremu, ili mwenzako wa zamu nyingine asibahatishe.

Kwa karoti mimi ningeanzia nusu milimita hivi, nailoni nzuri, nywele ndefu. Viazi viko karibu hapo hapo, lakini hutegemea ngozi yake. Shangi iliyong'olewa changa inachubuka hata kwa kidole, na hakuna brashi itakayokuokoa. Kata majani wiki mbili hivi kabla ya kuvuna ili ngozi ikomae, ndipo uongee habari ya mashine. Na kiazi cha kuwekwa stoo usikioshe; osha kile kinachoenda kuuzwa sasa hivi. Nduma inavumilia brashi ngumu zaidi kwa sababu hakuna anayeila na ganda.

Matunda ni hadithi nyingine. Parachichi la kwenda nje, hasa Fuerte yenye ganda jembamba la kijani, linataka nywele laini sana na mzunguko wa taratibu. Ganda lake lina vitundu vidogo vya kupumulia, na vikisuguliwa, hasa tunda likiwa limechumwa asubuhi na umande likiwa limejaa maji, vinageuka vidoa vyeusi baadaye. Tunda ndani halina shida yoyote, lakini mnunuzi wa Ulaya ananunua kwa macho. Embe la kutengeneza juisi halina wasiwasi huo, kwa sababu ganda linatupwa, ila usafi bado ni ule ule. Nyanya na pilipili hoho ni laini zaidi ya laini. Na sukuma wiki, mchicha na majani mengine, brashi hapana kabisa. Hayo ni ya maji ya kububujika na kunyunyiza. (Kwa machungwa, viwanda vingine hutumia mpaka nywele za farasi kupaka nta na kung'arisha. Farasi halisi. Nilisoma hiyo mara mbili.)

Hapa kuna mtego mwingine. Mashine nyingi zinazoletwa kutoka China hutangazwa kuwa "zinaosha na kumenya". Si uongo, lakini fremu moja haifanyi kazi mbili kwa brashi moja. Rola za kumenya huwa na nywele ngumu, nyingine zimechanganywa na unga wa kusagia kama ule wa msasa. Uliza kwa maandishi ni rola gani zinakuja zimefungwa. Ukipewa za kumenya na wewe ni mtu wa karoti za gunia, utakuwa unatengeneza saladi.

Halafu kasi. Mota ya kawaida ya stima yetu huzunguka karibu mara 1,440 kwa dakika. Fundi akiweka puli ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 12 kwenye brashi, umebaki na 360. Rola ya kipenyo cha sentimita 15 ikienda hivyo, ncha za nywele zinapita juu ya karoti karibu mita 170 kila dakika. Hiyo si kuosha tena. Ongeza hatua ya pili ya puli, moja kwa tatu, unafika 120, na ncha zinakimbia kama mita 56 kwa dakika. Mimi ningelenga hapo au chini kidogo. Ni puli mbili zaidi na mkanda mmoja, gharama ndogo sana ukilinganisha na mzigo mmoja uliokataliwa sokoni.

Angalia pia nywele zimeshikiliwa na nini. Kiini cha mbao hunywa maji, huvimba, hupasuka na hufuga uchafu, kwa hivyo kikatae. Kiini cha plastiki ngumu chenye matundu yaliyopandwa nywele ni kizuri, lakini nywele zikiisha unanunua rola nzima. Kuna aina nyingine ambapo nywele zimebanwa kwenye ukanda wa chuma unaozungushwa kwenye shafti kama springi. Hiyo unabadilisha ukanda tu. Hakikisha ukanda ni wa stenlesi, kwa sababu chuma cha kawaida kitakupa kutu kwenye karoti ndani ya muda mfupi.

Vuta nywele kwa koleo kabla ya kulipa. Zikitoka kirahisi, zitatoka pia kwenye chakula cha mtu. Viwanda vingi huchagua nywele za bluu kwa sababu karibu hakuna mboga ya rangi hiyo, kwa hivyo uliokatika unaonekana. Nywele nyeupe kwenye viazi zinajificha.

Kama mna ndoto ya kuuzia maduka makubwa au nje, ombeni karatasi inayoonyesha nywele ni za kugusa chakula. Kenya ina kiwango cha KS 1758, sehemu yake ya pili ikiwa ya matunda na mboga, na mkaguzi ataangalia usafi wa vifaa na maji mnayotumia kusuuzia. Brashi nzuri ikilishwa maji machafu ya mto inapaka tu uchafu kwa usawa.

Kwa hao wa bei mbili, jibu langu lilikuwa wasilipe bado. Waende na gunia moja la karoti zao, zenye udongo wao, kwa kila muuzaji. Brashi iloweshwe saa mbili kwanza. Waoshe, wafunge gunia, waliache siku mbili kivulini, ndipo walifungue. Atakayekataa jaribio hilo amejibu swali tayari. Na kwenye bei ya mwisho iandikwe rola mbili za akiba, seti ya beringi, na jina la aina ya nywele, si "nailoni" peke yake.