Je, Wajua? Usimpime nyoka kwa ukali wake

Je, wajua kwamba nyoka aliyemuua mmoja wa mabingwa wakubwa wa nyoka duniani ni wa aina inayomkimbia binadamu? Septemba 1957, huko Chicago, Karl Schmidt aliletewa nyoka mdogo kutoka Afrika ili amtambue. Alikuwa boomslang, nyoka wa mtini mwenye macho makubwa, ambaye hata huku kwetu Kanda ya Ziwa yupo. Akamng'ata kidole gumba, na jino lililozama lilikuwa moja tu. Schmidt hakwenda hospitali. Alirudi nyumbani akawa anaandika dalili zake moja baada ya nyingine, na kesho yake akafariki.

Je, wajua kwamba Robert Mertens, bingwa wa Kijerumani, naye aliuawa mwaka 1975 na nyoka aliyekuwa akimfuga mwenyewe? Alikuwa yule nyoka mwembamba wa Afrika anayefanana na kijiti kikavu. Mzee aliugua siku 18. Sumu ya nyoka hawa wawili huifanya damu ishindwe kuganda. Ya boomslang ina dawa yake, hutengenezwa Afrika Kusini. Ya nyoka-kijiti haina.

Je, wajua kwamba yuko nyoka anayetisha kuliko wote hao na hawezi kumdhuru mtu? Nyoka mla mayai hujikunja, husugua magamba yake mpaka yanatoa sauti kama ya kifutu, kisha hukurupuka kinywa wazi. Ukichungulia humo ndani, hana meno ya maana. Kifutu mwenyewe, kinyume chake, hulala njiani kimya kama gogo, na ni miongoni mwa nyoka wanaong'ata watu wengi zaidi Afrika.

Kwa hiyo kijana wa Mirongo, hapa Mwanza, anayetamani kufuga nyoka asianze kwa kuuliza kama ni mkali au mpole. Aulize: akining'ata, dawa yake ipo, na iko hospitali gani? Akikosa jibu, nyoka huyo si wake. Nalisema hili bila kumung'unya maneno: anayeanza asiguse nyoka mwenye sumu, hata akiambiwa amezoea watu.

Je, wajua kwamba mtoto wa swila anayetema hutoka kwenye yai akiwa tayari na sumu yake? Hakuna cha kusubiri akue. Aliyekomaa hulenga macho kutoka zaidi ya mita mbili.

Na chatu je, asiye na sumu? Wajua kwamba anaanguliwa akiwa na urefu usiofika hata mita moja, na chatu wa Afrika aliyekomaa anaweza kupita mita tano? Meno yake yameelekea nyuma, hivyo ukivuta mkono unajichana mwenyewe. Anapokaribia kujivua gamba macho yake huwa na ukungu wa kibluu, haoni vizuri, na hapo hata aliyezoea kushikwa hurusha kichwa. Agosti 2013, mjini Campbellton, Kanada, chatu wa Afrika aliyefugwa alitoroka kizimbani usiku, akawaua watoto wawili ndugu waliokuwa wamelala. Walikuwa na miaka minne na sita.

Je, wajua kwamba Wasukuma walikuwa na shule ya nyoka kabla ya hifadhi yoyote ya nyoka kufunguliwa nchini? Chama chao cha Bayeye, mafundi wa nyoka, kilikuwa na siri zake na dawa zake, na mtafiti Hans Cory aliandika habari zake mwaka 1946. Mtu hakujiokotea nyoka porini akajiita fundi. Alipokelewa chamani, akafundishwa na waliomtangulia. Ukienda kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, siku ya ngoma, mtazame mchezaji anavyomshika chatu: mkono mmoja hauachi eneo la shingo. Huo mkono umefunzwa.

Je, wajua kwamba kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 huwezi kumkamata mnyamapori bila kibali? Chatu wa kwenye mawe ya Mwanza si wa aliyemwona kwanza. Na nyoka wa nyumbani wa kahawia, anayefuata panya wa taka kandokando ya Mto Mirongo, hana sumu ya kumdhuru mtu. Mwache ale panya.

Ukitemewa na swila, osha macho kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, wala usiyafikiche. Ukiumwa, vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Kiungo kitulizwe kisitikisike, upakiwe kwenye gari, uende hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure. Nyoka asifuatwe tena. Maelezo ya rangi na umbo lake yatamsaidia daktari.