Nasaba ya Mama Katika Daftari za Wakoloni

Katika Karavia, mtaa wa Lubumbashi ujulikanao kwa hoteli yake ya kando ya ziwa, kama katika mitaa mingine ya mji ule ambao Wabelgiji waliuasisi mwaka 1910 na kuuita Élisabethville, si ajabu kukuta jamaa ambao nasaba yao, ikipandishwa vizazi vitatu, humfikia mwanamke wa Kiafrika aliyezaa na mzungu, kisha ikakatika. Wajukuu, wakiazimia kuiunga, aghalabu humwendea kwanza yule mzungu: alikuwa nani, alitoka mji gani wa Ulaya, aliacha dhuria gani huko. Njia hiyo yavutia, walakini humwacha nyuma yule ambaye kwake ndiko habari nyingi ziliko, naye ni mama.

Mwanamke huyo aliishi katika mji uliogawanywa kwa makusudi: huku nyumba za wazungu, huku mtaa wa Waafrika uitwao leo Kamalondo, na kati yake ukanda mtupu usiojengwa. Aliyeuvuka ukanda ule akakaa katika nyumba ya mzungu alihesabiwa mtumishi, hali ya kuwa majirani, na wakuu wa serikali pamoja nao, walijua fika ya kuwa ni mke asiye na cheti. Kwa sababu hiyo ni nadra kumpata katika daftari la ndoa, na mwanawe mara nyingi aliandikwa kuwa baba yake hajulikani.

Serikali ya koloni la Kongo iliwaona machotara kuwa ni hatari kwa heshima ya utawala wa wazungu, ikahofu ya kuwa siku moja wataongoza maasi. Basi, kwa utaratibu wa ulezi wa dola ulioanza tangu zama za Mfalme Leopold II, watoto wengi walichukuliwa na kutiwa katika misheni kana kwamba ni mayatima, ijapokuwa mama zao walikuwa hai. Yafaa kukumbuka ya kuwa kwa Walamba na Wabemba mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu yake. Kwa mila hiyo hapakuwa na mtoto asiye na wenyewe. Kutoka misheni ya Save, katika nchi ya Rwanda, machotara wengine walisafirishwa hadi Ubelgiji karibu na uhuru, ndugu wakatenganishwa, na wako waliobadilishiwa majina.

Anayetaka kumtafuta bibi wa namna hii na aanze kwa wazee wa upande wa mama, akiuliza jina alilopewa kabla ya ubatizo, kijiji, ukoo, na majina ya kaka zake. Majina yenyewe ni ushahidi: kwa Waluba wa Kasai, ambao wengi wao waliletwa Katanga, ulimo mji wa Lubumbashi, kufanya kazi katika migodi ya kampuni ya Union Minière, pacha wa kwanza huitwa Mbuyi na wa pili Kabanga, hata mwenye kumkuta Kabanga peke yake katika simulizi hana budi kumtafuta Mbuyi wake. Baada ya hapo ziendewe sijili za ubatizo za misheni, kwani Wabenediktini walifika Katanga mwaka 1910 na Wasalesiani mwaka 1911, na sijili kama hizo humtaja msimamizi wa ubatizo, ambaye huenda akawa shangazi au jirani anayefungua mlango mwingine.

Hatua ya tatu ndiyo Brussels. Mwezi wa Machi 2018 Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio kuhusu machotara wa koloni. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi kwa niaba ya dola. Na Hifadhi ya Taifa ya nchi hiyo ikakabidhiwa kazi ya kuchambua hati za zama hizo na kuwasaidia wenye kutafuta wazazi wao. Vipimo vya vinasaba navyo vina manufaa, maana watoto wa ndugu wawili hushirikiana takriban thumuni ya urithi wao wa damu. Ila havisemi neno iwapo jamaa wa upande wa pili hawajapimwa.

Thamani ya hati hizo ilidhihirika katika shauri la wanawake machotara watano, Léa Tavares Mujinga, Monique Bitu Bingi, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi, waliozaliwa kati ya 1945 na 1950 na kupelekwa wakiwa wadogo kwa masista wa Katende, Kasai. Mahakama ya kwanza iliwakatalia mwaka 2021. Lakini tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua ya kuwa kuwachukua kutoka kwa mama zao kabla hawajatimiza miaka 7, kwa sababu ya asili yao tu, kulikuwa jinai dhidi ya ubinadamu, ikaamuru kila mmoja alipwe yuro 50,000. Haki yao ilisimama juu ya kunyang'anywa kutoka mikononi mwa mama, wala haikungoja baba akiri. Na ukoo uandikwe vivyo hivyo: mama kwanza, kaka na dada zake kando yake, dhuria wao chini yao, na nafasi ya mzungu iachwe wazi hadi ushahidi utakapopatikana, kwani kukosekana kwake hakuwapunguzii wajukuu hata ndugu mmoja wa upande wa mama.