Jinsi seli za saratani zinavyotoboa ukuta na kuenea mwilini

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hiyo yasawiri barabara saratani ya mlango wa kizazi, ambayo kwa makadirio ya mwaka wa 2020 iliwapata wanawake 5,236 nchini Kenya na kuwaua 3,211.

Kutoka Kibera hadi Hospitali ya Mbagathi ni mwendo wa miguu, na mkazi wa Kawangware huifikia Hospitali Kuu ya Kenyatta kwa matatu. Hata hivyo, wagonjwa wengi wa saratani hii nchini hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Sababu moja ni kwamba mwanzoni hauumi.

Karibu visa vyote husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa njia ya ngono. Mara nyingi kinga ya mwili huviangamiza. Vikidumu kwa miaka, huvuruga seli za tabaka la juu la mlango wa kizazi, nazo huanza kugawanyika ovyo.

Chini ya seli hizo pana utando mwembamba, mithili ya ukuta, unaozitenga na nyama, mishipa ya damu na mirija ya limfu. Maadamu utando huo u mzima, seli hizo hazijawa saratani kamili, na mwanamke aweza kutibiwa akapona.

Hatari huanza ukuta huo unapotobolewa. Seli huachana na jirani zake, hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha utando, kisha hujipenyeza ndani. Huvamia kwanza viungo vya karibu kama uke, kibofu na njia ya haja kubwa. Uvimbe ukibana mirija ya mkojo, figo hushindwa kufanya kazi.

Seli nyingine huingia katika limfu na kutua kwenye tezi za nyonga, au huchukuliwa na damu hadi mapafu, ini na mifupa. Nyingi hufia njiani. Mwaka wa 1889, daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, alizifananisha na mbegu zinazopeperushwa kila upande lakini huota tu penye udongo unaozifaa.

Kwa kawaida, maradhi haya huchukua miaka 15 hadi 20 kukua. Kwa mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa, huweza kuchukua miaka mitano hadi 10.

Muda huo ndio fursa ya kuuziba ufa. Mhudumu wa afya hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, na baada ya dakika chache sehemu iliyovurugika hugeuka nyeupe. Sehemu hiyo huweza kugandishwa kwa baridi kali, na mgonjwa akarejea nyumbani siku iyo hiyo.

Shirika la Afya Duniani lashauri uchunguzi uanze katika umri wa miaka 30, au 25 kwa wenye virusi vya Ukimwi. Kenya nayo ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya HPV mnamo Oktoba 2019, lakini chanjo hiyo haiwaondolei mama zao haja ya kupimwa.

Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, yaweza kuwa ishara kwamba utando umekwisha kutobolewa. Anayengoja maumivu ndipo aende kupimwa, basi, angoja ukuta uanguke.